Nilivyokamatwa Thika na karatasi ya kuku wa mfalme

Wakuu, nawasalimu nyote, wa Ruiru, wa Thika, na nyinyi mliotawanyika huko majuu.

Mimi huwa nasoma tu humu na kunyamaza. Mjukuu wangu ndiye alinifungulia account, nikamwambia aniachie simu, nitaandika mwenyewe polepole. Juzi niliona watu wakibishana kama pilau inawekwa nyanya ama haiwekwi, wakatukanana page nzima. Nikacheka peke yangu hapa Kiganjo. Halafu nikakumbuka kitu kilinipata miaka ya hamsini, wakati wa Emergency, ile hali ya hatari mkoloni alipokuwa anasaka watu wa kiapo, nikaona leo nikitoe.

Ni ukweli mtupu. Mahali sikumbuki, nitasema sikumbuki. Na msinisahihishe Kiswahili, sisi watu wa huku tunaongea hivi.

Naitwa Gathoni. Wakati huo nilikuwa mama wa mtoto mmoja, msichana, ndio alikuwa anaanza kutembea. Mume wangu alikuwa amechukuliwa kwa msako na hatukujua yuko kambi gani. Mtoto nilimwachia mama yangu kijijini, kwa zile vijiji za kuzungushiwa mtaro, mimi nikapata kazi ya jikoni kwa shamba la kahawa upande wa Ruiru.

Mwenye shamba alikuwa mzungu wa kunyamaza tu. Lakini mimi nilikuwa chini ya dada yake. Huyo tulimwita Miss Tarrant. Hakuwa ameolewa, alikuwa na miwani mbili, moja machoni na ingine inaning'inia shingoni, na macho yake yalikuwa yanaharibika.

Sasa wakuu, wazungu wengine walikuwa na hobby ya farasi. Wengine kupiga swara. Huyu wangu hobby yake ilikuwa mapishi ya watu waliokufa.

Nisikizeni vizuri hapo.

Alikuwa na chumba chenye picha nyingi za black and white, zimeunganishwa kwa gundi ya unga wa ngano, moja baada ya ingine. Ukizikunjua zinakuwa ndefu kama mkeka wa kanisani. Siku ya kwanza nilidhani ni ramani. Akaniambia hapana, hizo ni picha za kitabu cha wapishi wa mfalme wa kwao wa kale sana. Na hicho kitabu si cha kufungua kurasa. Ni ngozi ya mnyama, ndefu, inaviringishwa. Ngozi yenyewe imehifadhiwa maktaba huko London, yeye aliomba ipigwe picha.

Niliuliza, "Memsahib, kwenu mapishi yaliandikwa tangu zamani hivyo?"

Akasema yaliandikwa, lakini yaliyobaki ni kidogo. Ngozi zingine zilioza, zingine zilichomeka, zingine watu walizikata wakazitumia kushonea majalada ya vitabu vingine. Mpaka leo nikifikiria hiyo nasikia uchungu. Mtu amepika maisha yake yote, halafu maneno yake yanakuwa kiraka.

Mimi nilisoma mission kidogo na mwandiko wangu ulikuwa safi. Kwa sababu ya yale macho yake, Miss Tarrant akaanza kunipa kazi ya kunakili. Jikoni asubuhi, mchana tunakaa kwa meza na zile picha.

Kile kizungu sikukielewa. Hata yeye alikuwa anasoma akikwama. Kulikuwa na herufi inafanana na p lakini imeota shingo juu. Kulikuwa na ingine inafanana kabisa na nambari tatu, na iko katikati ya neno! Yeye akasema niandike vile ninaona, nisiongeze, nisipunguze. Nikawa nachora tu. Kisha ananieleza maana, na hapo ndio nilikuwa nasahau hata kuna viazi kwa moto.

Maana mapishi yenyewe hayakuwa na kipimo. Hakuna kikombe, hakuna saa. Chukua kuku, katakata, chemsha mpaka nusu. Saga lozi ukamue maziwa yake, vile watu wa pwani wanakamua tui la nazi. Tia divai, tia tangawizi, tia sukari. Kuku na sukari, wakuu! Halafu pilipili.

Na kwa hiyo pilipili ndio shida ilianzia.

Miss Tarrant alikuwa na picha zingine, za kitabu kingine kilichonakiliwa baadaye kutoka kwa mapishi yaleyale. Wakati huo kila nakala ilikuwa inaandikwa kwa mkono, na mwandishi hakuwa mpishi, alikuwa karani. Sasa kwa ile ngozi ndefu, kuku anatiwa pilipili. Kwa kile kitabu kingine, kuku yuleyule anatiwa pilipili ndefu.

Pilipili ndefu ni nini? Mimi nilifikiria ile ya shambani, nyekundu. Akasema hapana, hiyo wakati huo haikuwa imefika kwao. Alisema huenda karani mmoja aliruka neno, ama mwingine aliongeza. Hiyo swali ilimkosesha raha kabisa. Alikuwa anazunguka sitting room akisema, "Ndefu ama si ndefu, Gathoni? Walikula nini hawa watu?"

Na mimi pia nilianza kutaka kujua. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu kila kitu kingine cha kujua wakati huo kilikuwa kinatisha.

Tukaenda Thika na gari lake, kwa duka la Mhindi mmoja. Mke wa mwenye duka tulikuwa tunamwita Mama Kanta. Mwanamke mnene, mpole, anauza viungo na anajua kila mtu amejifungua lini. Miss Tarrant akamweleza. Mama Kanta akasema ako na pilipili za aina mingi, kwa hivyo aletewe maneno yote ya hiyo chakula, asikie vile inapikwa, ndio ajue ni gani.

Wiki iliyofuata Miss Tarrant akashikwa na homa. Lakini hakuweza kungoja. Lori la shamba lilikuwa linapeleka kahawa Thika, dereva ni Mkamba anaitwa Mutiso, mtu wa heshima. Miss Tarrant akaniandikia pasi ya kusafiri, kwa sababu Mkikuyu hangetoka shamba bila pasi, na akaniambia ninakili yale mapishi ya kuku kwa karatasi, nimsomee Mama Kanta kwa Kiswahili vile alikuwa amenieleza. Nikanakili kutoka kwa kile kitabu cha pili, chenye neno ndefu.

Mwandiko ni wangu. Shikeni hapo.

Mutiso aliniacha dukani akaenda na kahawa yake. Nikamsomea Mama Kanta pole pole. Akafunga macho akisikiza. Mahali pa tangawizi na sukari akafungua macho, akaingia nyuma, akarudi na mkebe. Ndani kulikuwa na vitu vyeusi, virefu, vidogo kama mkia wa panya, vimekunjamana.

"Hii," akasema. "Sisi napea mama amezaa, na maziwa, na sukari. Ukali yake iko, lakini nakuja pole pole."

Nilionja moja. Kwanza hakuna kitu. Halafu joto likatoka nyuma ya ulimi kama mtu anaingia nyumba bila kubisha. Nilicheka kwa sauti. Watu wa kale wa ng'ambo, na dawa ya mama Mhindi wa Thika, kitu kimoja!

Akanifungia kwa gazeti. Nikatoka nimefurahi kabisa.

Hapo nje nikakutana na askari wa doria.

Pasi yangu ilikuwa sawa. Lakini walimwaga kiondo, kile kikapu changu, na ile karatasi ikaanguka. Askari mmoja akaigeuza juu chini, akaangalia. Akauliza, "Hizi tatu tatu ni za nini?"

Nikasema ni mapishi.

Wakanishika mkono, mmoja huku, mwingine huku.

Wale hamkuwa mmezaliwa, wacha niwaambie. Siku hizo mtu alienda kambini kwa kitu kidogo kuliko hicho. Karatasi yenye maandishi hayasomeki, imeandikwa na Mkikuyu, mume wake ako ndani? Hiyo ilikuwa imejimaliza yenyewe.

Kwa kituo kulikuwa na inspekta kijana, mzungu mwekundu wa kutoka kwao juzi, na mkalimani Mkikuyu anaitwa Elijah, mtu wa tai na kiatu cha kung'aa. Elijah ndiye niliogopa zaidi. Alisoma ile karatasi, akaisoma tena.

"Hii ni kizungu na si kizungu," akamwambia inspekta. Mimi kizungu nilikuwa nasikia kidogo kidogo.

Inspekta akaweka kidole kwa zile tatu. Akauliza, ni watu watatu? Bunduki tatu? Na hii p yenye shingo ni alama ya kiapo? Nani alinifundisha hii code?

Nikasema, "Ni kuku, effendi. Kuku wa mfalme."

Askari walicheka. Si kile kicheko kizuri.

"Mfalme gani?" Elijah akauliza kwa Kikuyu.

"Mfalme wao. Alikufa zamani."

Akaniangalia. "Mama, sema ukweli mapema. Baadaye utakuwa ghali."

Niliwaambia memsahib ndiye alinituma, hawakuamini. Wakaniuliza nani aliandika, na sikuweza kusema uongo. Nikaandika mstari mmoja mbele yao, wakaona ni mkono uleule. Basi. Inspekta akasema nikalishwe kwa benchi, lori la wafungwa linakuja jioni.

Wakuu, nilikaa hapo na kitu kimoja tu kichwani. Mtoto wangu alikuwa amejua neno "maitũ", yaani mama, mwezi huo huo. Nilikuwa nahesabu ni nani atamwambia mimi ndio nilikuwa maitũ.

Sasa oneni Mama Kanta. Alikuwa ameona nikichukuliwa. Akafunga duka, mchana, siku ya soko, akaja mpaka kwa kituo na ile gazeti yenye pilipili iliyobaki chini kiondo kilipomwagwa, akaiweka kwa meza ya inspekta.

"Huyu mama nunua pilipili kwangu. Apana nunua bunduki."

Inspekta akamwambia aende. Akasema sawa, halafu akaja kukaa kwa benchi kando yangu, na hakuenda. Alikuwa ananipapasa goti tu, vile unafanyia mtoto ako na homa.

Na Mutiso aliporudi dukani akapata limefungwa, majirani wakamwambia nimeshikwa juu ya karatasi. Hakungoja hata kupakia magunia matupu. Aliendesha lori tupu mpaka Ruiru kumwambia Miss Tarrant.

Miss Tarrant alifika na ile homa yake, koti juu ya nguo ya kulala, miwani mbili shingoni. Na kwa kwapa amebeba ule mkunjo wote wa picha.

Hakusalimia mtu. Alipiga magoti kwa sakafu ya kituo akaanza kuukunjua.

Wakuu, kile kitu kilipita chini ya meza, kikapita mlangoni, kikatoka mpaka veranda. Upepo ukakiinua, askari wawili wakaambiwa washike mwisho. Wale wale walionishika mikono, sasa wamechuchumaa wanashikilia chakula cha mfalme kisiruke. Mmoja akauliza mwenzake pole pole, "Hapo kuna nyama?"

Inspekta akapiga magoti. Elijah akavuta suruali yake juu kidogo, akapiga magoti pia. Wakaanza kutafuta kuku wangu. Walipompata, wakaweka karatasi yangu kando, wakafuata neno kwa neno. Hii p yenye shingo, iko. Hii tatu, iko. Nikaona uso wa inspekta unalegea. Nikaanza kupumua.

Halafu kidole chake kikasimama.

"Hapa," akasema. "Hili neno ameongeza. Ndefu. Kitu gani kirefu?"

Kumbe Miss Tarrant alikuja na picha za ile ngozi ndefu tu. Picha za kitabu cha pili ziliachwa nyumbani.

Na unajua Miss Tarrant alifanya nini? Alifurahi! Akapiga makofi. Akamwambia inspekta hiyo ndio swali nzuri kuliko zote, kwamba nakala mbili zinatofautiana hapo hapo, na hakuna anayejua kwa nini. Akaanza kumpa lecture. Yeye alikuwa mbali, jikoni kwa mfalme wake. Mimi nilikuwa kwa benchi, nasikiliza kama lori la wafungwa limefika.

Inspekta akasimama, akapangusa magoti. Uso umerudi baridi. Akasema kama ni kitabu kimoja, maneno yanafaa kuwa mamoja. Kama si mamoja, mtu amebadilisha kwa sababu yake.



Aliyeongea ni Elijah, bado amepiga magoti. Aliongea pole pole kwa kizungu na nilishika karibu yote.

"Sir, mimi nabeba maneno yako kila siku. Unadhani yanafika vile umesema?"

Inspekta akamwuliza ana maana gani.

"Wiki jana uliwatukana wazee kule kijijini. Mimi niliwaambia unawasalimu."

Mungu wangu. Askari waliosikia kizungu walikuwa wanaangalia mabuti yao.

Masikio ya inspekta yalikuwa mekundu kabisa. Alimwangalia Elijah. Halafu akaangalia zile picha chini. Akamwuliza Miss Tarrant kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi, "Sasa ni ipi iko sawa?"

Miss Tarrant akasema, "Sijui. Ndio maana nilimtuma akanunue pilipili."

Inspekta akanirudishia karatasi. Akanirudishia pasi. Hakusema pole. Alisema, "Enda."

Elijah alisaidia kukunja. Alipopita karibu yangu nikamwambia kwa Kikuyu Mungu ambariki. Aliangalia kwanza inspekta yuko wapi, kisha akainama akapangusa kile kiatu chake, na kilikuwa kinang'aa tayari.

Njiani, kwa yale mashamba ya mkonge, Miss Tarrant alikuwa bado anaongea juu ya makarani wa kale. Nikamkatiza. Sikuwa nimewahi kumkatiza.

"Memsahib, leo ningepelekwa kambini. Mtoto wangu angebaki."

Alisimamisha gari. Akasema, "Niliona ni karatasi tu." Akalia. Mimi sikulia, na sikumbembeleza pia. Nilikuwa nimechoka. Lakini tangu siku hiyo hakuwahi kunituma na karatasi yake bila yeye kuwa hapo.

Alipopata nafuu tulipika. Sufuria mbili, kuku mmoja amegawanywa, moja na pilipili ya kawaida, ingine na ile ya Mama Kanta. Ya kawaida ilikuwa chakula kizuri. Ya ndefu ilikuwa kitu kingine, utamu kwanza, halafu joto linakufuata hata umeshameza. Mimi nilisema ndefu. Yeye pia alisema ndefu. Lakini kwa kazi yake aliandika zote mbili kando kwa kando, akasema ulimi wetu si ushahidi. Hiyo nilimheshimu nayo.

Aliondoka nchini kabla ya Uhuru. Kama kazi yake ilichapishwa, sijui. Mume wangu alitoka baadaye, amekonda, tukaishi. Na Mama Kanta tulikuwa tunaendeana matanga na harusi mpaka walipohamia kwa watoto wao.

Elijah nilimtafuta. Nilirudi Thika na mayai nimpelekee shukrani, nikaambiwa alihamishwa. Wapi, hakuna aliyeniambia. Kama ni kwa sababu ya yale maneno, sikujua, na hiyo ndio inaniuma mpaka leo.

Funzo langu ni hili. Siku hizo watu wengi walienda ndani kwa sababu maneno ya huyu na ya yule hayakufanana, ikasemwa mmoja ni mwongo. Mimi nilikuwa karibu kuwa mmoja wao, juu ya neno moja la pilipili. Kwa hivyo siku hizi nikisikia stori mbili za kitu kimoja, siharakishi kuuliza nani anadanganya. Nauliza imepita kwa mikono ya nani mpaka ikanifikia, na huyo mtu alikuwa anaogopa nini, ama anamhurumia nani.

Sasa nyinyi wa pilau, endeleeni, lakini kwa adabu. Na kama kuna mtu humu babu yake alikuwa mkalimani Thika miaka hiyo, jina Elijah, kiatu cha kung'aa, tafadhali andika hapa chini. Hata kama hukumbuki vizuri. Andika vile ulisikia.